Naomba ushauri: kompyuta mpakato ya kuchezea video bila kukwama

Ndugu zangu, salamu kutoka Bukavu. Ninatunza video za harusi za jamaa, na kompyuta yangu yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4 hucheza vizuri zile za H.264 (mfumo wa zamani wa kubana video), lakini za H.265 (mfumo mpya zaidi) kutoka simu mpya hukatikakatika, kwa kuwa chipu hiyo haina sehemu maalumu ya kuzifungua, na viini vyake vya kawaida hubeba mzigo wote. Programu ya kuchezea video ya VLC haikusaidia.

Huku Nyawera nimeonyeshwa mbili za mtumba: ya kizazi cha 6 yenye RAM ya GB 16, na ya kizazi cha 8 yenye GB 8 tu. Mimi naegemea ya pili, maana H.265 ya biti 10 (yenye viwango vingi zaidi vya rangi) huanza kufunguliwa na chipu yenyewe kuanzia kizazi cha 7, na RAM huongezwa baadaye. Je, GB 8 zitatosha kwa sasa, na nikague nini kabla ya kulipa?