Vitabu gani vinafaa kwa anayetaka kuandika kuwe sehemu ya ibada?

Daftari_Jeupe: Wakuu, naomba vitabu vya kuongoza uandishi wa tafakuri ya kila siku, siyo shajara ya matukio. Vya Kiswahili vikipatikana, bora zaidi. Shida ni moja: mistari mitatu tu, maandishi yanageuka mahubiri.

Bin_Shela: Anza na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa kisiwa cha Pate. Humo mshairi hamhubirii mtu, anausuta moyo wake mwenyewe. Na hasemi tu kwamba dunia inapita. Anakuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, vidaka vilivyopangwa sahani za kaure sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Soma ubeti mmoja kwa sauti, unakili kwa mkono, kisha uambie moyo wako jambo moja ulilolishuhudia siku hiyo. Moja tu. Ila tafuta toleo lenye maelezo ya maneno, maana lugha ni ya kaskazini: "ndia" ni njia, "yeo" ni leo.

Ummu_Nasra: Bin Shela kasema kweli, lakini mistari ya mizani (silabi) 11, yenye kituo cha pumzi baada ya ya sita, itamlemea anayeanza. Mimi ningempa Utenzi wa Mwana Kupona, wa 1858. Mama mgonjwa anamuusia binti yake, na mapema kabisa anamwita akae karibu na wino na karatasi. Wengi hukomea kwenye mawaidha ya ndoa. Wewe nenda hadi kwenye dua zake.

Bahari yake, yaani muundo wa shairi, ni nyepesi: kila ubeti una vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina kimoja (sauti ile ile ya mwisho), cha nne kinashika kina kile kile utenzi mzima. Chagua -a, vitenzi vyetu vingi vinaishia hapo. Kwenye hesabu ndipo watu wanapoharibu: "mtu" ni mizani miwili kwa sababu m inasimama peke yake, na "ndege" ni miwili pia kwa sababu nd haitengani. Kina kikigoma, pindua mpangilio wa maneno. Ukichomeka neno usilolikusudia kwa ajili ya kina, dua imekwisha hapo.

Daftari_Jeupe: Shukrani sana. Na asiyetaka vina?

Mlimani_77: Ndugu, chukua Zaburi 13. Ina mistari 6: miwili ya kulalamika, ambamo "hata lini" inarudi mara nne, miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Andika yako kwa mgawanyo huo, ukimwita Mungu "wewe" tangu neno la kwanza. Augustino, askofu wa Kikristo wa kale, naye aliandika Maungamo yote, vitabu 13, akizungumza na Mungu moja kwa moja. Ukikipata, cha 10 kinachohusu kumbukumbu ndicho cha kukaa nacho. Mahubiri huingia pale unapoanza kusema "sisi" na "inatupasa". Yafute hayo mara moja. Na kama malalamiko bado hayajaisha, acha mistari miwili ya mwisho wazi hadi kesho, usijilazimishe shukrani.