Mafundi piano, nyuzi mpya za besi zinashuka kwa sababu hamkuzikalisha. Acheni kusingizia joto la Dar

Wakuu, uzi huu ni wa nyuzi, na nimeufungua nikiwa na hasira.

Mchezo mnaujua. Besi za piano zimekufa, ukigonga unasikia debe. Fundi anaitwa, anavua za zamani, anavalisha mpya zenye shaba inayong'aa, anatyuni mara moja, anapokea chake, anaondoka. Jumapili ya kwanza safi. Jumapili ya pili mkono wa kushoto umeshuka hadi waimbaji wanageuka kumwangalia mpigaji. Akipigiwa simu jibu ni lilelile: "Hali ya hewa ya Pwani hiyo, bosi." Au: "Nyuzi za siku hizi feki."

Uongo mtupu. Unyevu ukizidi, kama kipindi cha masika, ubao wa sauti (ule mpana unaokuza sauti) unavimba, unasukuma daraja (mti uliogandishwa juu yake, ambao nyuzi zinaulalia), nyuzi zinakazwa na sauti INAPANDA. Na inapanda zaidi katikati ya piano kuliko kwenye besi. Sasa kama nyuzi mbili mpya zimeshuka na jirani zake za zamani zimetulia palepale, hiyo hewa imezibagua vipi?

Sababu ni hii. Uzi mpya unapita kwenye kona kadhaa: pini ya chini inayoshika kitanzi, pini mbili za daraja, agrafi (kishikizo cha chuma chenye matundu ya kupitisha nyuzi) au pini za juu, halafu pini ya kutyuni. Chuma kigumu hakipendi kona. Ukikivuta tu, kila mahali kinapogeuka kinatengeneza upinde mdogo, kama mgongo wa ndoana. Angalieni kwa tochi pembeni ya pini ya daraja, utauona waya umebinuka kabla ya kuigusa. Siku zinavyokwenda upinde ule unanyooka wenyewe, waya unapata ulegevu wa sehemu ya milimita, na noti inashuka. Ongeza mizunguko iliyolegea kwenye pini ya kutyuni, basi kazi imeharibika.

Dawa yake ndiyo kukalisha, dakika chache kwa kila uzi. Uzi ukishapata mvuto, gonga kitanzi taratibu kwa bisibisi bapa hadi kilale kwenye fremu ya chuma. Chukua kijiti cha shaba ya njano au mti mgumu, sukuma waya kwa ubavu uikumbatie pini ya daraja, pande zote mbili, kisha ubonyeze chini kidogo tu. Kidogo! Kuna watu wanagonga kwa nyundo hadi waya unachimba mfereji kwenye daraja, na mfereji huo hauzibiki. Fanya hivyo hivyo karibu na agrafi. Usiguse sehemu yenye shaba. Ukimaliza, noti itakuwa imeshuka papo hapo, na hiyo ndiyo dalili kwamba kazi ilikuwa haijafanyika. Vuta tena, kalisha tena, mpaka isishuke.

Kosa la pili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu halihitaji hata chombo cha bei: kutosokota. Uzi wa besi ni waya wa chuma uliozungushiwa shaba. Kabla ya kuutundika moja kwa moja, ufunge kwanza kwenye pini ya kutyuni, uache ulegevu, kamata kitanzi kwa koleo, ukigeuze nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja kuelekea upande ambao shaba inazidi kukaza, ndipo utundike bila kukiachia kirudi. Ukigeuza upande usio wake shaba inalegea, na hapo ndipo ule mlio wa "zzzz" unapozaliwa, au sauti inakuwa ya gunia. Noti yenye nyuzi mbili, zote zigeuzwe sawasawa, la sivyo hazitalingana kamwe. Tena zibadilishwe zote mbili hata kama imekatika moja. Mpya na ya zamani hazichanganyiki.

Kukata nako kuna adabu yake. Waya wa ndani ukiwa wa pembe sita, shaba imeshikwa na pembe, kata. Ukiwa wa duara, pinda kona kali kwanza, kata nje ya kona, la sivyo shaba itafumuka mkononi mwako. Acha sentimita 7 hadi 8 kupita pini. Hesabu ni nyepesi: pini ina kipenyo cha karibu milimita 7, mzunguko mmoja unakula milimita 22, na unataka mizunguko mitatu iliyobanana isiyopandana. Ncha iingie kwenye tundu, isichomoze upande wa pili. Mizunguko ikiwa na mwanya, inyanyue kwa ndoana huku uzi una mvuto.

Na kabla hujavua uzi wa zamani: rudisha pini nyuma mizunguko mitatu, taratibu, kwa spana na si kwa drili, maana joto linaunguza tundu la mbao. Ukivalisha mpya, pini itazama mizunguko ileile mitatu na kurudi kimo chake, mzunguko wa chini ukiwa milimita 4 au 5 juu ya fremu. Wengi wanasahau, pini inazama hadi waya unasugua chuma, halafu wanaichomoa kwa nguvu na tundu linalegea.

Ukibadilisha besi zote, msizifungue zote kwa mkupuo. Kila uzi unavuta kwa kawaida kilo 70 hadi 100. Legeza kwa awamu, au badilisha mmoja mmoja. Na vaeni glavu za pamba, jasho la vidole linaipaka shaba madoa ndani ya wiki. Mafuta ya kupulizia kutu ndio kabisa, yakiingia kwenye mizunguko ya shaba uzi umekufa.

---

NYONGEZA, kwa mkuu aliyeuliza kama huenda tatizo ni pini kulegea: inawezekana, lakini inatofautishwa kirahisi. Pini iliyolegea inaachia ndani ya saa au siku moja, na spana inazunguka laini bila ukinzani. Uzi usiokalishwa unashuka polepole wiki hadi wiki huku pini imekaza. Pini legevu inabadilishwa kwa nene zaidi, kutoka saizi namba 2/0 hadi 3/0 au 4/0. Msikubali tundu lijazwe msasa.

Na kwa anayetetea kwamba "nyuzi mpya lazima zishuke": ndiyo, kiasi. Ndiyo maana mara ya kwanza noti inaachwa juu kwa senti 10 hadi 15 (nusu toni ni senti 100), na fundi anarudi kesho yake, baada ya wiki, baada ya mwezi, na tena baada ya miezi mitatu. Safari hizo ni sehemu ya kazi, ziingie kwenye bei tangu mwanzo. Wenye piano, gaweni malipo: nusu ilipwe siku ya kuvalisha, robo akirudi wiki ya kwanza, robo ya mwisho baada ya mwezi, na kabla ya kuitoa pigeni tochi kwenye pini za daraja muone kama waya bado umebinuka.