"Ufungaji bure" wa AC: wenye nyumba za zamani Dar tunaibiwa mchana kweupe

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Karibu kila duka la AC hapa mjini lina bango lile lile: AC mpya ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), milioni moja na kidogo, ufungaji bure. Kwa mtu anayeishi nyumba ya zamani huo ufungaji bure haupo. Haupo Magomeni, haupo Ilala, haupo Temeke. Muuzaji anajua kuwa haupo, ila hafungui mdomo mpaka hela yako iwe kwake na boksi liwe sebuleni kwako.

Nyumba ninayoizungumzia ni ya familia, iko Magomeni, mzee aliijenga miaka ya 60. Mnazijua nyumba hizi: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma, bati juu, madirisha ya luva. Zilijengwa na watu wanaojua joto la pwani. Upepo uliingia mlango wa mbele ukatokea uani, na hewa ya moto ikatoka kwenye matundu ya juu ukutani. Leo kushoto kuna ghorofa, nyuma kuna ghorofa, upepo umekatwa. Usiku wa Februari joto la Dar mara nyingi linagoma kushuka chini ya nyuzi 25, na unyevu juu yake. Mama ana presha na umri umekwenda, halali. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia AC ni anasa, ninunue feni. Feni zipo, zinazungusha hewa ya moto.

Dukani nililipa 1,050,000. Niliwaambia mapema kabisa kuwa nyumba ni ya zamani. Hakuna aliyeuliza chumba kina ukubwa gani, dari lipo au halipo, madirisha ni ya aina gani, umeme umetandazwa lini. Jibu lilikuwa moja tu, "BTU 12,000 inatosha chumba chochote, mzee." Si kweli. Chumba cha mita nne kwa nne chini ya zege na chumba hicho hicho chini ya bati lililochomwa na jua tangu saa moja asubuhi ni vyumba viwili tofauti, na fundi yeyote aliyepita chuo cha ufundi cha VETA anajua hilo.

Fundi wao alipofika, hata begi hajaweka chini, akasema kuna gharama za ziada. Bei ya dukani inakuja na mita tatu za bomba la shaba. Mita tatu zinatosha kama mashine ya nje inakaa nyuma ya ukuta huo huo. Kwetu mbele ni baraza na barabara, pembeni ni uchochoro ambao ukiweka mashine hewa yake ya moto inampiga jirani dirishani, kwa hiyo lazima iende uani. Mita saba zaidi, kila mita 35,000, jumla 245,000. Kutoboa ukuta na vyuma vya kubebea mashine ya nje, 120,000, kwa sababu tofali za zamani zinamomonyoka na vyuma vya kawaida havishiki. Hapo bado nilikuwa na subira.

Umeme ndio ulionimaliza. Nyumba nyingi za rika hili zilitandazwa nyaya kwa ajili ya taa, redio na pasi. Kwetu kulikuwa na fyuzi za kaure, zile unazofunga uzi wa waya kwa mkono, na soketi za chumbani hazina ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, kabisa. AC ya BTU 12,000 inakula karibu kilowati moja kompresa, yaani injini inayosukuma gesi, ikiwa kazini, tena kwa saa nyingi mfululizo. Ukiichomeka kwenye waya wa miaka hamsini na kitu, waya unapata moto ndani ya ukuta usikouona. AC inatakiwa iwe na laini yake kutoka meni swichi, sakiti breka yake na ethi ya kweli iliyozama ardhini. Hilo silipingi, ni usalama wa mama yangu. Laini, breka na kazi, 280,000. Nondo ya ethi na waya wake, 70,000. Gadi ya kulinda AC umeme unapopanda na kushuka, 85,000, na kwa mitaa yetu kuikwepa ni kuichoma kompresa kwa makusudi.

Jumlisheni. Ni 800,000 juu ya AC ya 1,050,000. Hapo bado madirisha, maana luva hazifungi, ubaridi wote unatoka nje. Madirisha mawili ya alumini kwa 260,000 kila moja ni 520,000. Ziada imefika 1,320,000, imeipita bei ya AC yenyewe! Dari sijaligusa.

Sasa msikilize kazi iliyofanyika kwa hela hiyo. Fundi hakuja na pampu ya vakyumu. AC ya sasa inatumia gesi ya R32 au R410A, na kabla ya kufungulia gesi lazima bomba livutwe hewa na unyevu wote, shughuli ya dakika kama 20 hivi au zaidi. Unyevu ukibaki ndani unachanganyika na oili na kuila kompresa taratibu. Yeye alilegeza nati, akaachia gesi kidogo "isukume hewa", akakaza, akaondoka. R32 inaweza kushika moto, na alikuwa anaiachia ukumbini huku jiko la mkaa linawaka uani! Nilipomuuliza akanijibu ndivyo wanavyofunga mji mzima. Sasa mnaelewa kwa nini nusu ya Dar inaita fundi wa "kujaza gesi" kila kiangazi. Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka humo humo, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Anayekujazia bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ya kuvuja tena.

Kisha kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambayo dukani hakuna anayeitaja. Nyumba yetu ilikuwa tarifu ya D1, bei ya watumiaji wadogo, matumizi hayazidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja karibu sh 122 ukiweka kodi na tozo. Mwezi mzima ni 9,150. Ukiendelea kuvuka hapo unahamishiwa T1, bei ya watumiaji wa kawaida, uniti inakuwa karibu sh 356, na ni kwa uniti zote, pamoja na zile za taa na friji ulizokuwa unalipia 122. AC ikila uniti tano kwa usiku ni 150 kwa mwezi. Ongeza zile 75 za mwanzo, zinakuwa 225, yaani kama sh 80,000. Kutoka elfu tisa hadi elfu themanini! Mzee wa pensheni atazitoa wapi?

Na msinishauri mtumba. Fundi mwingine alinipa AC iliyotumika ya gesi ya R22 kwa nusu bei. Gesi hiyo inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal, nchi zetu ukomo wake ni 2030. Nitajifunga nayo halafu gesi nitaitoa wapi?

Ninachodai ni kitu kidogo. Ukiuza AC na ufungaji, mtume mtu aione nyumba kabla hujapokea hela. Apime chumba, afungue meni swichi, aangalie ethi, apime bomba litapita wapi, kisha aandike karatasi yenye jumla yote. Mimi nikiona 2,370,000 mwanzoni naamua mwenyewe: naweza kuanza na dari na madirisha mwaka huu, AC nikainunua mwakani. Kuniletea hesabu hiyo vipande vipande ukuta ukiwa umeshatobolewa ni kunishika mateka ndani ya nyumba ya baba yangu. Na kazi ya nyaya afanye mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, aioneshe kabla hajashika bisibisi.

Hela ya bomba na ya kutoboa bado nimeishikilia. Nimewaandikia dukani waje wavute vakyumu upya na kupima uvujaji mbele yangu, la sivyo jalada linakwenda FCC, Tume ya Ushindani, pamoja na picha ya bango lao na risiti. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya aina hii huko aniambie ni vielelezo gani walivitaka. Na kama kuna mtu upande wa Magomeni au Kinondoni ana fundi mwenye pampu ya vakyumu na leseni, aweke hapa bei anayotoza kwa ukaguzi peke yake.