Tupeane uzoefu: Unahama, nyumba yako unaiuza au unaipangisha?

Mwenye mada

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tupeane uzoefu kwenye jambo hili, hasa kwa mliokwisha kulipitia.

Nimepata uhamisho wa kikazi na familia yote inahama. Nyumba tunayoishi ni yetu, ila bado ina mkopo wa benki. Mume wangu anataka tuuze, tumalize deni, tubaki na mtaji mkononi. Mimi naona tupangishe, pango lisaidie kulipa mkopo, na siku tukirudi tuwe na pa kufikia. Tumelijadili hadi usiku wa manane, na hoja za pande zote mbili zina mashiko.

Ushauri wa jumla nimeusikia wa kutosha. Huyu anasema nyumba haiuzwi, yule anasema nyumba ya mbali ni mzigo. Ninachotafuta ni habari za watu waliofanya: uliuza au ulipangisha, kitu gani hasa kilikufanya uamue, na mwaka wa kwanza ulikuwaje. Wenye ujuzi wa mambo ya benki, bima na kodi za serikali msipite kimya. Karibuni.

Mhasibu Mstaafu

Sisi tuliuza. Nikuonyeshe hesabu tuliyoifanya mezani, mimi na mke wangu, ili nawe ukae na mzee uifanye kwa namba zenu.

Chukua thamani ya nyumba kwa leo, igawe mafungu 100. Tuseme pango la mwaka mzima linaleta mafungu 6. Wengi huishia hapo wakasema nyumba inalipa. Sasa anza kutoa. Nyumba ikikaa mwezi mmoja bila mpangaji, na utakuwepo mwezi kama huo, umebaki na 5.5. Wakala wa kuisimamia akichukua asilimia 10 ya pango, umebaki na 4.95. Kwa matengenezo, kanuni inayotumika sana ni kutenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka. Kuna mwaka hutagusa kitu, na kuna mwaka paa litakula akiba ya miaka mitatu. Umebaki na 3.95. Bima na kodi ya jengo tuseme nusu fungu. Zimebaki 3.45, na hapo bado hujalipa kodi ya mapato wala riba ya mkopo.

Kisha jiulize fedha ya mauzo ingefanya nini mahali pengine. Kama riba ya mkopo wako ni asilimia 9, kila kiasi cha deni unachokifuta kinakuokolea asilimia 9 kwa mwaka, na hakuna mtu atakayekupigia simu kwamba choo kimeziba. Kwetu sisi nyumba ilikuwa inaingiza kidogo kuliko riba tuliyokuwa tunailipa.

Utaambiwa thamani inapanda. Inaweza kupanda kweli, nami sipingi. Lakini ongezeko la thamani haliliki mpaka siku unauza. Usiliingize kwenye hesabu ya marejesho ya kila mwezi. Na zaidi ya namba zote, hatukuwa na mpango wa kurudi. Tungekuwa nao, huenda ningeandika habari nyingine hapa.

Mama Pacha

Mimi nilipangisha na bado napangisha, miaka inakwenda. Nakubaliana na hesabu ya mzee hapo juu, ila niongeze lile ambalo karatasi haionyeshi.

Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa mtu mwema sana. Analipa kabla ya tarehe, majirani wanamsifu. Kiungo cha bomba chini ya sinki la jikoni kikaanza kudondosha. Yeye akaweka beseni, kila jioni analimwaga. Hakuniambia kwa kuwa hakutaka kuonekana msumbufu. Siku analisahau, maji yanamwagika. Nilipokuja kupata habari, ubao wa chini ya kabati ulikuwa umevimba na kuchanika tabaka tabaka, na ukuta wa nyuma umeota ukungu mweusi hadi usawa wa goti. Kazi ya kukaza kiungo na kubadilisha mpira wake imegeuka kazi ya kung'oa kabati zima.

Tangu hapo, kwenye mkataba wangu kuna kifungu kinachosema maji yakionekana mahali pasipostahili, taarifa itolewe siku hiyohiyo, na gharama ni yangu. Na nina mtu anayeingia ndani kila baada ya miezi mitatu kwa taarifa ya mapema. Anafungua makabati, anapiga picha chini ya masinki, dari, na nyuma ya choo. Namlipa. Si ndugu wala rafiki, maana rafiki ataona aibu kufungua kabati la mtu.

Kwa hiyo dada, kabla hujauliza mpangaji utampata wapi, uliza nani atasimama badala yako. Ukishampata huyo, pangisha bila hofu. Mimi pango limenisomeshea watoto, na nyumba ni yangu bado.

Mwenye mada

Asante sana Mama Pacha. Mdogo wangu wa kiume amejitolea kuhamia pale na kutuangalizia. Nilikuwa naona hapo ndipo penye nafuu. Kuna aliyewahi kumwachia ndugu?

Kaka wa Kati

Nipo. Tulimwachia binamu, akae bure, alipie umeme na maji, atunze nyumba. Mkataba hakukuwa, ni ndugu yetu. Miaka ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Akaoa pale, akapata watoto pale, akapanda miti, akajenga banda la nyuma kwa fedha yake. Tulipopata shida na kutaka kuuza, kwake ilikuwa kama tunamfukuza nyumbani kwake, na ukimsikiliza unamwelewa. Wazee wakaitwa. Mwishowe tuliuza kwa kuchelewa sana, tukamrudishia gharama za banda, na mpaka leo kwenye shughuli za ukoo salamu zinapita kwa mbali.

Sisemi usimwachie mdogo wako. Andikeni. Anakaa hadi lini, anaruhusiwa kujenga nini, akitakiwa kutoka anapewa notisi ya muda gani. Na alipe kitu, hata kidogo, ili kila mmoja ajue pale ni pango. Karatasi hiyo inamlinda na yeye pia.

Msimamizi wa Majengo

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu walio mbali, kwa hiyo naomba niandike kwa kirefu. Mambo ninayoyaona yakiwatesa wenye nyumba mara nyingi hayahusu mpangaji mkorofi. Yanahusu barua ambazo hazikuandikwa kabla ya kuondoka.

Ya kwanza ni benki. Mkopo wa nyumba ya kuishi na mkopo wa nyumba ya kupangisha ni bidhaa mbili tofauti kwa wakopeshaji wengi. Mkataba wako huenda una kifungu kinachosema mkopaji aishi mwenyewe, au aombe ridhaa ya maandishi kabla ya kupangisha. Baadhi hutoa ridhaa hiyo bila tatizo, wengine hupandisha riba. Usomeni mkataba kwanza. Ukikuta riba inapanda, rudi kwenye hesabu ya Mhasibu na uianze upya.

Ya pili ni bima, na hapa ndipo watu huumia. Bima ya mwenye nyumba anayeishi ndani imekatwa kwa kumwangalia yeye na mali zake. Akiingia mpangaji, hatari imebadilika, na kampuni isipojulishwa inaweza kukataa kulipa. Kuna na lile la nyumba tupu. Bima nyingi hupunguza au kusimamisha kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa siku 30 au 60 mfululizo. Sasa fikiria umehama, dalali anatafuta mnunuzi, miezi minne imepita. Bomba likipasuka ndani ya kipindi hicho, kilio ni chako peke yako. Niliwahi kusimamia nyumba ambayo mwenyewe alikuwa analipa bima kila mwezi kwa uaminifu, na kinga ya maji ilikuwa imeshasimama siku nyingi.

Na kwa kuwa tumegusa nyumba tupu, nikanushe wazo kwamba ukiifunga itabaki ulivyoiacha. Chini ya kila sinki na kila tundu la bafuni kuna kona ya bomba inayoshika maji kidogo. Maji hayo ndiyo yanayozuia hewa chafu ya bomba la maji taka isipande ndani. Nyumba isipotumika yanakauka, harufu inapanda, na wadudu nao wanapata njia. Mipira ya mabomba hukakamaa. Unyevu hukosa pa kutokea. Mnunuzi akifunguliwa mlango, pua yake ndiyo inaanza kupanga bei. Kama mnauza, bora muuze mkiwa bado mnaishi ndani, au mumlipe mtu wa kufungua madirisha na maji kila wiki.

Jambo jingine: kama ni nyumba ya ghorofa yenye umoja wa wamiliki, angalieni kanuni zao. Wapo wanaozuia kupangisha kabisa, au wanaoweka kikomo cha muda.

Mwisho kwa leo, msiamini kwamba mtapangisha kidogo halafu mtauza siku yoyote. Nyumba yenye mpangaji ina wanunuzi wachache, kwa sababu anayetaka kuhamia anataka funguo mkononi. Mpangaji naye ana haki zake za notisi, na sehemu nyingi sheria inamlinda sawasawa. Kama mna mawazo ya kuuza, mkataba uwe wa mwaka mmoja, tarehe ya mwisho ijulikane, na kifungu cha kuruhusu wanunuzi kuja kuangalia kiwemo tangu mwanzo.

Mlipa Kodi

Msimamizi amegusa kote isipokuwa kodi ya faida ya mauzo, nami nimeifanyia kazi miaka mingi. Nchi nyingi humsamehe kodi hiyo, yote au sehemu, anayeuza nyumba aliyokuwa akiishi. Ukishahama, saa inaanza kuhesabu. Marekani inataka uwe umeishi humo angalau miaka 2 kati ya 5 iliyotangulia mauzo. Uingereza, baada ya kuhama, huhesabu miezi 9 ya mwisho kabla ya mauzo tu kama vile bado unaishi. Kanada inakuruhusu kuchagua iendelee kuhesabiwa makazi yako hadi miaka 4, na Australia hadi miaka 6 ukiwa umeipangisha, kila moja kwa masharti yake. Kwako muulize mtaalamu swali moja: nikipangisha, msamaha wangu unaisha lini? Tarehe utakayopewa iandike ukutani, maana hiyo ndiyo tarehe ya kuamua upya.

Na kama unahama nchi, ulizia na kodi ya zuio, yaani inayokatwa kwenye pango kabla halijakufikia. Kanada, kwa mfano, humkata mwenye nyumba asiye mkazi asilimia 25 ya pango lote kabla ya gharama, isipokuwa amefuata utaratibu wa kuomba akatwe kwenye faida.

Baharia

Hapo kwenye kuhama nchi niongezee thamani ya fedha. Mimi pango lilikuwa linaingia kwa fedha ya kule na maisha nayaendesha kwa fedha ya huku. Sarafu ilipoporomoka, pango likabaki vilevile kwenye karatasi na huku likanunua nusu ya kile lilichokuwa linanunua. Kilichonisaidia ni kwamba mkopo nao ulikuwa kwa fedha ya kule, kwa hiyo pango na deni vilikwenda pamoja. Ningekuwa nategemea pango hilo kulipia nyumba ya huku, ningeuza mapema.

Mwishowe mpangaji wangu ndiye aliyeinunua. Hakukuwa na dalali. Nyumba alikuwa anaijua hadi mlango unaogoma wakati wa mvua, na bei tulielewana kwa heshima.

Mama Pacha

Dada mwenye mada, kuna jambo sijaliona likisemwa. Huko mnakokwenda mmeshawahi kuishi? Kama hapana, mpeni mzee wazo hili: pangisheni kwa mwaka mmoja, na ninyi mpange huko kwa mwaka mmoja. Aliyeuza akikuta kazi mpya haimfai, hana nyumba, na bei ya kurudi sokoni imeshamkimbia. Aliyepangisha amepoteza faida kidogo na kupata mwaka wa kuona.

Mhasibu Mstaafu

Hilo nalikubali, kwa sharti moja. Wawe na akiba ya miezi mitatu hadi sita ya marejesho, isiyoguswa. Wasipokuwa nayo, mwezi wa kwanza bila mpangaji utawafanya wauze kwa haraka, na anayeuza kwa haraka hupangiwa bei na mnunuzi.

Mwenye mada

Nawashukuru sana. Nimemsomea mume wangu yote, hata yeye amevutiwa na wazo la mwaka mmoja, hasa kwa kuwa msamaha wa kodi hauwezi kuisha mara moja kwetu, ingawa tutahakikisha. Benki tunakwenda wiki hii. Msimamizi, tukiamua kupangisha, nini kifanyike siku ya kukabidhi funguo?

Msimamizi wa Majengo

Pigeni picha kila chumba mkianzia mlangoni kwenda kulia mpaka mrudi mlangoni, na ndani ya kila kabati. Piga na namba za mita ya umeme na ya maji, tarehe ionekane. Wewe na mpangaji mwandike pamoja hali ya kila kitu, hata mkwaruzo kwenye kioo, kisha msaini nakala mbili. Amana anayoweka mpangaji ikae kwenye akaunti ya pembeni, isichanganywe na matumizi. Hesabuni funguo, na zile za majirani na za mfanyakazi wa zamani zirudi. Hati ya nyumba msiiache ndani ya nyumba. Mkimteua mtu wa kusaini kwa niaba yenu, waraka wake uandaliwe na mwanasheria na useme wazi anaweza kupangisha na kukusanya pango, ila hawezi kuuza.