Saruji inanila mikono, nifanyeje?

Mpiga Lipu: Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kuchanganya zege na kupiga lipu. Vidole vimekauka, vimechanika kwenye maungio, na usiku vinawaka kama nimemenya pilipili. Ajabu mchana wote sisikii kitu! Glavu navaa, zile za kitambaa. Wenzangu wananiambia ngozi itazoea. Kweli?

Mwashi Mkongwe: Haizoei, kijana wangu. Saruji ikishalowa, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) hufika 12 hadi 13, yaani alkali kali. Inakula ngozi kimyakimya, maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye wakati umeshaungua. Na hizo glavu zako ndizo adui: kitambaa kinanyonya maji ya zege na kuyagandisha mkononi kutwa nzima. Tafuta za naitraili (aina ya mpira), ndefu, zivuke kifundo, uzivae mikono ikiwa safi na mikavu. Zege likiingia ndani, vua hapo hapo, usingoje mchanganyiko uishe. Buti vilevile. Nimeshaona mtu aliyepiga magoti kwenye sakafu mbichi, magoti yakabaki nyama tupu. Na kama unanawa kwa petroli, acha.

Mpiga Lipu: Petroli hapana mzee, nanawa kwenye ndoo ya kuoshea vifaa. Ila sasa kuna vipele hadi kwenye kope, na saruji haifiki huko.

Muuguzi wa Viwandani: Ndoo hiyo ina saruji ileile, nawa kwa maji safi yanayotiririka. La kope ndilo limenishtua. Muwasho wa kawaida hukaa palipoguswa na hupoa ukipumzika. Muwasho ukiruka kwenda kwingine, shuku mzio wa kromiamu 6, aina ya madini ya kromiamu ambayo huwemo kidogo kwenye saruji. Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo mwaka 2005: sehemu 2 kwa milioni. Mzio huu ukishakuingia, kiasi kidogo tu kinauamsha, na glavu nzuri pekee huenda zisitoshe. Muone daktari wa ngozi, mtajie kazi yako bila kuficha, na umuulizie kipimo cha viraka, yaani vibandiko vyenye vitu vinavyoshukiwa kuleta mzio. Hubandikwa mgongoni, hutolewa baada ya saa 48, kisha huangaliwa tena siku chache baadaye.

Mpiga Lipu: Na kazini naendelea navyo?

Muuguzi wa Viwandani: Hapana. Mgongo hautakiwi kulowa wala kutoka jasho, viraka vitabanduka. Omba ruhusa ya siku hizo mapema, na usipake krimu yoyote mgongoni kabla.

Mwashi Mkongwe: Msimamizi akikataa, mwonyeshe hizo kope.