Tupeane uzoefu: kinyozi alikuzungusha shingo ikalia, baadaye ulijisikiaje?

Wakuu, habari. Huku Dar ukimaliza kunyoa unakandwa mabega, halafu kijana anakamata kidevu na kisogo, anazungusha shingo ghafla mpaka ilie. Naomba tuache jambo hili. Mishipa miwili inayolisha nyuma ya ubongo hupita kwenye vitundu vya pingili za shingo. Ikivutwa kwa nguvu, ukuta wa ndani unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, na donge likipanda kichwani ni kiharusi. Mwaka 2016 mwanamitindo Katie May wa Marekani alifariki kwa namna hiyo baada ya kunyooshwa shingo. Aliyepitia atueleze.

Mtoto wa Pangani: Kaka yangu alirudi kunyoa kisogo kinamuuma. Tukadhani malaria. Baadaye akawa anagonga fremu za milango kwa bega la kushoto, na akisoma gazeti anaanzia katikati ya mstari. Daktari wa macho akasema macho ni mazima, apigwe CT skani ya kichwa. Kumbe kiharusi, nyuma upande wa kulia, panaposhughulikia kuona. Mpaka leo haendeshi gari.

Jembe Butu: Mkuu, mimi nazungushwa tangu niko shule, sijawahi kuumwa. Tusitishane.

Mleta uzi: Ni nadra kweli, mkuu. Tena kuna ambao mshipa huwa umeshaanza kuchanika, na maumivu hayo ndiyo yanayowapeleka kukandwa. Shingo iliyoanza kuuma ghafla usimpe kinyozi kabisa.

Wembe Mwanza: Mimi ni kinyozi. Tulifundishana wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyesomea. Siku hizi nakanda mabega tu. Kuna wateja wamenihama kwa hilo, na bado sirudii.

Sista wa Zamu: Muuguzi hapa. Kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili, kupepesuka, kushindwa kumeza, ulimi mzito: kimbieni hospitali yenye CT skani, na mseme wazi kwamba alizungushwa shingo. Dalili zinaweza kuja saa au hata siku kadhaa baadaye, kwa hiyo wengi hawaunganishi. Zikishaanza, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

Mama Kijacho: Dada, na sisi tunaolazwa shingo kwenye sinki la saluni?

Sista wa Zamu: Imewahi kutokea pia, mama. Omba taulo nene chini ya shingo, na ukisikia kizunguzungu inuka hapohapo.