Mjadala: Tukiwauliza wanakijiji kuhusu umeme wa upepo, tunawauliza swali gani hasa?

Wakuu, salaam kutoka Tabora. Naleta hoja iliyotugawa ofisini kwa walimu, nanyi naomba mchangie bila kuoneana haya.

Wanafunzi wetu wa Jiografia wanajiandaa kwenda uwandani, na safari hii nimependekeza mada ya mitazamo ya wananchi kuhusu mashamba ya upepo, ile mitambo mirefu yenye mapanga matatu inayofua umeme. Singida imekuwa ikitajwa kwa miradi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, na kutoka kwetu si mbali: Nzega, Igunga, unapanda mlima Sekenke, umeshaingia. Mwenzangu mmoja anasema ni kupoteza nauli, kwa sababu huwezi kumuuliza mtu kuhusu kitu ambacho hajawahi kukiona. Mwingine anasema umeme ni wa taifa zima, na maoni ya kitongoji kimoja hayawezi kuwa kigezo.

Mimi nasema waende, ila hojaji yao ya sasa waitupe. Swali la kwanza linasomeka hivi: "Je, unaunga mkono au unapinga mradi wa upepo?" Hilo swali ni bovu, na nitaeleza kwa nini.

Kijijini, kijana anayekuja na daftari, kalamu na barua yenye mhuri wa mtendaji ni serikali. Hata akivaa sare ya shule. Niliwahi kuwa na wanafunzi katika kijiji kimoja upande wa Nzega, tukipima upana wa korongo kwa futi ya kamba. Mzee mmoja alisimama kando akatuangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole: "Wanangu, X mtaipiga lini?" Alidhani tumekuja kuweka alama za kubomoa. Tulikuwa bado hatujamuuliza chochote, na tayari alikuwa ameanza kuhesabu atakachopoteza. Mzee kama huyo ukimuuliza kama anaunga mkono mradi, atakujibu kwamba maendeleo hayakataliwi. Utaandika "ndiyo", utachora chati ya duara, na chati hiyo itakuwa ya uongo.

Cha kuuliza ni ardhi. Ni ya nani, imepimwa au la, nani ana hati ya hakimiliki ya kimila, nani analima kwa kukodi tu na hatalipwa chochote mwenye shamba akilipwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji inayotaka kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, ambayo mwekezaji anaweza kupewa, ikiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo tu na uamuzi unakwenda kwa Waziri. Muulize mwanakijiji kama anaijua tofauti hiyo. Jibu lake litakufundisha zaidi kuliko "naunga mkono" mia moja.

Tazameni majirani zetu Kenya. Mradi wa Ziwa Turkana kule Marsabit una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, na upepo wa pale ni wa kutamaniwa. Lakini Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile, ekari zipatazo 150,000, zilipatikana bila kufuata utaratibu. Na Kinangop, kaunti ya Nyandarua, mradi wa megawati 60.8 ulifutwa mwaka 2016 baada ya maandamano na mvutano wa ardhi na wakulima. Kote kuwili upepo ulikuwepo wa kutosha. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, na wa nani alishirikishwa.

Haya, uwanja ni wenu.

Mchangiaji kutoka Singida:
Mwalimu, karibuni. Huku habari za upepo tumezisikia tangu watoto wetu wako chekechea, sasa wamemaliza kidato cha nne. Mimi nataka umeme, sifichi. Ila kwenye hojaji yako ongeza jambo moja. Mtu akiambiwa eneo lake huenda likapitiwa na mradi, je, anaendelea kujenga? Anapanda miembe? Anamwoza kijana wake akamjengea pale? Kusubiri nako ni hasara, na sijawahi kusikia mtu akiulizwa habari za kusubiri.

Mstaafu wa shirika la umma, Tabora Mjini:
Naheshimu juhudi zako mwalimu, lakini sioni haja. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Huo upepo wa nini? Huku ni kuwapa watoto mada za Ulaya. Wakafanye utafiti wa tumbaku na ukataji wa miombo, mambo yanayotuuma.

Mleta mada:
Mzee wangu shikamoo. Tumbaku na miombo tumeshafanya na tutafanya tena. Kuhusu bwawa, megawati hizo ni uwezo wa mitambo yote tisa ikizunguka, na maji yakipungua mitambo haizunguki yote. Upepo wa nyanda za kati unavuma vizuri zaidi kiangazi, wakati mito inaposhuka. Vinasaidiana. Halafu nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi yake: ukitoka mita 5 kwa sekunde ukafika 8, nguvu inakuwa mara nne na zaidi. Ndiyo maana wawekezaji wanagombania mabonde na kingo fulani tu, na ndiyo maana walioko hapo hawawezi kuambiwa "mradi utahamia kwa jirani". Mada hii si ya Ulaya, mzee. Mufindi kuna mitambo ya Mwenga ya megawati 2.4, inafua umeme tangu 2020.

Mfugaji, Igunga:
Mimi ni mama wa mifugo, swali langu ni moja. Ng'ombe watapita?

Mleta mada:
Mama, hili ndilo swali lililokosekana kwenye hojaji yetu, ahsante. Kwa jinsi mitambo inavyofanya kazi, kinachokaliwa kabisa ni msingi wa zege, barabara za huduma na kituo cha kupozea umeme. Kati ya mnara na mnara kuna mamia ya mita, na nchi nyingi wanalisha na kulima humo humo. Paneli za jua ndizo zinazofunika ardhi. Lakini kuweza kupita na kuruhusiwa kupita ni mambo mawili. Uzio ukiwekwa, njia ya kwenda mbuga ya Wembere kiangazi ikikatwa, hasara yako haimo kwenye tathmini ya nyumba na mazao. Wanafunzi watachora ramani ya njia za mifugo pamoja na wafugaji wenyewe. Hilo nalichukua.

Mwalimu mwenzangu, yule wa "umeme ni wa taifa":
Nimesoma yote. Bado nauliza: wakisema hapana, taifa likae gizani?

Mleta mada:
Kaka, hakuna aliyesema hivyo. Danmark walipitisha sheria mwaka 2008 iliyomtaka mwekezaji awauzie wakazi wa ndani ya kilomita 4.5 angalau asilimia 20 ya hisa za mitambo. Walitambua kwamba anayesikia mlio wa mapanga usiku ana haki ya kupata kitu ambacho mtu wa mjini hapati. Hapa kwetu fidia inalipwa mara moja: ardhi, maendelezo, posho ya usumbufu na posho nyingine za kuhama, basi. Mimi nataka mtu aulizwe: ulipwe mara moja uhame, au upangishe ardhi yako ulipwe kila mwaka mnara ukiwa shambani? Sijaona hojaji ya mwanafunzi yenye swali hilo, na ndilo litakaloonyesha "hapana" ya mtu ni ya nini.

Jambo la mwisho. Kazi za uwandani huishia kwenye kabati la shule. Nataka matokeo yasomwe kwanza mbele ya waliohojiwa, wayakosoe, ndipo wanafunzi waandike ripoti. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Aliye Igunga au Shelui na anajua tarehe ya mkutano ujao kijijini kwake anijulishe hapa, nipange safari yetu ikutane nao.